Swali la 31 na mengine niliyokosea nikipima haki za wanawake kijijini

Swali la 31 lilisomeka hivi: "Je, unamiliki ardhi peke yako, mnamiliki pamoja na mwenzi wako, au humiliki kabisa?" Nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi juu ya turubai mbele ya nyumba yake, katika kijiji kimoja cha Iringa Vijijini, mwaka 2018. Kabla hajafungua mdomo, mume wake aliyekaa kwenye kigoda akajibu: "Andika pamoja." Mama akaendelea kupukuchua. Nikabonyeza "pamoja" kwenye kishikwambi, nikaenda swali la 32.

Nilibonyeza hivyo mara nyingi msimu ule. Ripoti yetu ya kwanza imejaa majibu ya wanaume waliokaa kwenye vigoda, na jina langu liko kwenye jalada lake.

Sijayaandika haya mapema kwa sababu mengine yananiaibisha. Ila kila baada ya muda nakutana na kijana aliyepata ajira kwenye mradi wa jinsia, kapewa kishikwambi na dodoso refu, anakwenda kurudia makosa yaleyale. Basi acha niyaseme, anayetaka ayachukue.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilimaliza chuo, nikasugua benchi nyumbani miaka miwili, kisha shirika moja (sitalitaja) likanichukua kama mdadisi. Mradi ulikuwa wa kusaidia wanakijiji wapate hati za hakimiliki za kimila, yaani karatasi za kumiliki mashamba yao ya kijijini, na ndani yake kulikuwa na lengo la kuinua umiliki wa wanawake. Nilipanda basi na sweta moja. Wanaoijua Iringa mwezi wa sita watanielewa.

Semina ilikuwa siku tatu ukumbini mjini, chai na sambusa. Tulifundishwa kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba kifungu chake cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Halmashauri ya kijiji, robo yake wanawake. Nikatoka pale nikiamini kazi ngumu ilishafanywa na waliotunga sheria, mimi ninakwenda kuhesabu tu.

Kosa la kwanza lilikuwa la lugha, tena lugha yangu mwenyewe. Dodoso lilitungwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa ofisini Dar es Salaam. Kulikuwa na swali: "Je, unajiona umewezeshwa?" Wanawake wakawa wananijibu kwa masikitiko: "Bado mwanangu, tuliandika majina mwaka jana, mpaka leo kimya." Nilishangaa siku mbili nzima. Ya tatu ndipo mtendaji wa kijiji akaniambia, huku akicheka, kwamba kuwezeshwa kule ni kupewa hela. Walikuwa wanasubiri mkopo wa halmashauri ya wilaya, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambao wanawake hutengewa asilimia 4. Sisi tuliuliza juu ya nguvu ya mtu kuamua maisha yake, wao wakatujibu juu ya foleni ya mkopo. Majibu yote tukayaingiza.

"Haki sawa" nalo lilikuwa na mkosi wake. Ukilitamka tu, wanaume wanaangua kicheko, mmoja anasema "hamsini kwa hamsini, basi na wao wakapande juu ya paa kuezeka," wanawake wanainama. Mahojiano yameishia hapo hata kama utaendelea kuuliza saa nzima. Kwa hiyo kabla hujaingia kijijini, keti na wanawake watano wa palepale, wasomee kila swali, kisha waombe wakueleze kwa maneno yao wewe umeuliza nini. Inachukua asubuhi moja na soda tano. Sisi tuliruka hatua hiyo ili kuokoa posho ya siku moja.

La pili linachekesha zaidi, ingawa lilinigharimu usingizi. Tulikuwa na sehemu ya matumizi ya muda: umeamka saa ngapi, umelala saa ngapi, katikati umefanya nini. Mama anasema ameamka saa kumi na moja, mdadisi anaandika 11:00. Anasema amelala saa nne, anaandika 4:00. Wadadisi sita, vijana wenye digrii, wote tunaongea Kiswahili tangu tunazaliwa, hakuna aliyegutuka. Data zilipofika Dar es Salaam, chati ikaonyesha wanawake wa Iringa wanaamka saa tano asubuhi na kulala saa kumi jioni. Msimamizi akanipigia simu kuuliza kama huko kuna ugonjwa wa malale.

Tulisahihisha kwa kurudi kaya kwa kaya. Nauli ya bodaboda kwenda kitongoji cha juu na kurudi ilikuwa shilingi elfu kumi na tano, na siku tatu nililipa mfukoni kwa kuwa bajeti ya "kurudia" haikuwepo. Weka bajeti ya kurudia. Utarudia.

Ila safari zile za kurudia ndizo zilizonifungua macho. Kwa kuwa nilikuwa na karatasi tu, bila kishikwambi, nilikaa na watu wakifanya kazi zao. Bibi mmoja mjane nilimuuliza jana alifanya nini mchana. "Sikufanya kitu mwanangu, nilikuwepo tu nyumbani." Nikamwomba anipitishe siku yake kuanzia jogoo. Alikwenda kisimani mara mbili. Alikata majani ya ng'ombe. Alipika, akapeleka chakula cha wapalizi, akarudi na kuni kichwani na mjukuu mgongoni. Akatwanga. Alasiri akashuka bondeni kumwagilia. Usiku akachambua maharage ya mbegu. Nikamwambia, bibi, hapo kuna kazi za saa kumi na nne. Akacheka mpaka akashika ubavu: "Hizo si kazi, ni kuishi."

Kuna kipimo kinachotumika sana kwenye miradi ya kilimo tangu mwaka 2012, kinachoangalia mambo matano: maamuzi ya uzalishaji, mali, matumizi ya kipato, uongozi na muda. Kwenye muda, mtu akizidisha saa 10 na nusu za kazi kwa siku anahesabiwa kuwa amelemewa. Kizuri. Lakini ukiuliza "unafanya kazi saa ngapi?" yule bibi angesema sifuri na angefaulu vizuri tu. Usiulize saa. Uliza siku ilivyokwenda, tangu jogoo, kengele ya shule, jua la utosi, mbuzi kurudi, na saa uzihesabu mwenyewe baadaye.

Tukawa tumefika kwenye ardhi sasa, ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hati zilianza kutoka. Zilikuwa na picha ndogo za wamiliki, alama za vidole, muhuri wa kijiji, sahihi ya afisa ardhi wa wilaya. Tulifanya sherehe ya kukabidhi, ngoma, mkuu wa wilaya, wanawake wakapiga vigelegele wakiwa wameshika hati juu. Picha hiyo ilitumika kwenye kila kitu tulichochapisha. Idadi ya hati zenye jina la mwanamke ilipanda kwa kasi mpaka mfadhili akaandika barua ya pongezi.

Mwezi mmoja baadaye nilipita nyumba kwa nyumba kuhakiki. Nikawa naomba kuona hati. Mwenyeji mmoja baada ya mwingine: "Subiri baba aje, ipo kwenye sanduku." Ufunguo uko wapi? "Anao yeye." Wengine walikuwa hawajaiona tena tangu siku ya sherehe. Mama mmoja alidhani ile ni cheti cha kuhudhuria semina. Nyumba moja ilikuwa na wake wawili na hati ikawa na jina la mke mkubwa peke yake. Mke mdogo, ambaye ndiye aliyelima shamba lile miaka tisa, aliniuliza kwa upole kabisa kama jina lake limesahaulika au limeachwa. Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyekagua fomu ile, na ilikuwa imejazwa sawasawa.

Kiashiria cha ardhi kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, namba 5.a.1, kina akili kuliko swali letu la 31. Kinatazama mambo matatu: jina lako lipo kwenye hati? Una haki ya kuuza? Una haki ya kurithisha? Na mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2019 kuhusu takwimu za mali unasisitiza aulizwe mhusika mwenyewe, asijibiwe na mkuu wa kaya. Nilipoanza kuuliza hivyo, faragha, majibu ya "pamoja" yalivunjika vipandevipande. Mwanamke ana jina lakini hawezi kuuza. Mwingine hana jina popote ila hakuna gunia la mahindi linalotoka pale bila yeye kusema ndiyo. Mwingine anasema anaweza kurithisha, "lakini kwa mtoto wa kiume."

Nikaongeza langu moja, halimo kwenye mwongozo wowote: ufunguo wa sanduku anao nani? Nakuhakikishia, swali hilo wanalijibu bila kufikiri, na hakuna mume anayeona haja ya kulijibu kwa niaba.

Halafu kuna vinyungu. Kwa wasio wa huko, kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye ardhi yenye unyevu, inayolimwa kiangazi mashamba ya juu yakiwa makavu. Mahindi ya kuchoma, maharage, mboga, njegere. Vijijini nilikofanya kazi, vingi vilikuwa mikononi mwa wanawake, na hela ya kiangazi, ya daftari, sabuni na dawa, ilitoka huko. Sasa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au chanzo cha maji. Timu ya upimaji ilipofika bondeni ikaruka eneo lote. Sawa kisheria, na mito lazima ilindwe, sibishi. Lakini matokeo yake ni kwamba tulichora ramani ya kijiji, tukapima kila shamba la juu linalosimamiwa na mume, tukaacha nyeupe palepale ambapo mke anasimamia mwenyewe. Kisha tukasema tumepima umiliki wa wanawake.

Hilo lilinisumbua kuliko la saa. La saa lilikuwa uzembe. Hili halikuwa kosa la mtu yeyote, na lisingeonekana hata ungelikagua dodoso mara mia.

Mikutano nayo ilinidanganya mwaka mzima. Kiashiria kilisema: asilimia ya wanawake wanaohudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Nikawa nahesabu vichwa. Wanawake walijaa, mara nyingine kuliko wanaume, nami natabasamu. Siku moja kalamu iliisha wino, nikakaa tu kutazama. Wanaume kwenye mabenchi mbele, wanawake chini kwenye kanga, nyuma, na watoto. Hoja ikawa mradi wa maji, kisima kichimbwe wapi. Wakaongea wanaume tisa. Mwishoni mwenyekiti akanyoosha shingo: "Kina mama mnasemaje?" Wakaitika kwa pamoja: "Ndiyoo." Kisima kikaenda karibu na kilabu cha pombe ya ulanzi.

Tangu siku hiyo fomu yangu ina safu za ziada: nani alisimama, alisema nini, uamuzi ulibadilika au la. Ni kazi ya kuchosha na haitoi chati nzuri. Wajumbe wanawake wa halmashauri ya kijiji nao niliwauliza waziwazi mara ya mwisho hoja yao kuandikwa kwenye muhtasari ni lini. Mmoja alikuwa na jibu zuri: hoja yake haikuandikwa, ila kabla ya kikao alikuwa amewapitia wajumbe watatu majumbani, wao ndio walioisema. Niweke tiki wapi? Mpaka leo sijui, nimeandika pembeni kwa kalamu.

Nchi nzima inafanya hesabu za namna hii. Bungeni wanawake wamepita theluthi moja, na ni jambo la kushangilia. Wengi wao wameingia kwa viti maalum, majimboni bado ni wachache. Tangu Machi 2021 Rais ni mwanamke. Mwenzangu mmoja ofisini alitaka tuanze ripoti ya mwaka ule na sentensi hiyo. Nilimuuliza, mke mdogo wa shamba la miaka tisa tumwandike ukurasa wa ngapi?

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka, na sitapita.

Dodoso lilikuwa na maswali ya ukatili: umewahi kupigwa na mwenzi wako, lini, mara ngapi. Kanuni za kazi hiyo zipo na zinajulikana kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani lilishaziandika: mwanamke mmoja tu kwa kaya, faragha kamili, mdadisi aliyefunzwa mahsusi, na mahali pa kumpeleka akihitaji msaada. Sisi tulifundishwa kwa saa moja, baada ya chakula cha mchana. Nilimhoji mama jikoni, mlango umefungwa, nikaamini tuko peke yetu. Jikoni lile lilikuwa la miti, na mkwewe alikuwa nyuma anachambua mboga.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule mama njiani, kajifunga kanga usoni kama mtu anayekwepa vumbi. Nikamsalimia "kamwene", akaitikia na kupita. Sikuuliza. Nilijua.

Nilifanya nilichoweza, kwa kuchelewa. Nilizungumza na afisa ustawi wa jamii, naye akampitia kwa kisingizio cha kliniki ya mtoto. Namba ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nilikuwa nayo kwenye daftari tangu semina, sikuwahi kumpa mtu hata mmoja. Kama shirika lako halina pa kumpeleka mwanamke atakayesema "ndiyo, napigwa", basi futa swali hilo. Ripoti itapungua ukurasa mmoja. Na kama pa kumpeleka papo, uwe na maswali ya danganyatoto tayari: mtu akitokea ghafla, geuza uso uulize juu ya uji wa watoto na chanjo, kana kwamba ndiyo uliyokuwa unaongea tangu mwanzo. Wenye uzoefu wote wanafanya hivyo. Mimi nilifundishwa baadaye, na mdadisi wa zamani, kwenye basi.

Kuna jambo jingine hapo. Mwaka uliofuata kesi zilizoripotiwa kwenye dawati ziliongezeka na mkubwa mmoja akasema hali imekuwa mbaya. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba kulikuwa na askari mwanamke mpya, mkarimu, anayewakaribisha wanawake bila kuwauliza "ulimfanya nini mumeo?" Namba ikipanda usikimbilie kulia wala kushangilia kabla hujaenda kukaa kwenye benchi la nje ya ofisi hiyo asubuhi nzima.

Ripoti ya mwisho ya mradi niliiandika mimi. Nilikuwa na mambo haya yote kwenye madaftari matatu. Nikayaweka kwenye kiambatisho. Mkubwa wangu akasoma, akasema kiambatisho ni kirefu, mfadhili hasomi viambatisho, tuache. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule na nilikuwa nalipa ada ya mdogo wangu. Nikaacha. Namba za hati zikaenda peke yao, zikipanda.

Baada ya hapo nikawa mtu wa kuponda. Popote palipotajwa hati za wanawake, nilisema zile ni karatasi tu, ziko kwenye masanduku ya waume. Nilisema hivyo hata kwenye vikao. Watu walipenda kunisikiliza, maana kuponda kunafanana na hekima.

Mwaka 2022 nilirudi kijijini kwa kazi nyingine. Yule mama wa swali la 31, wa mahindi juu ya turubai, alikuwa amefiwa na mume. Shemeji zake walikuja wakati wa msiba, wakakaa, na matanga yalipoisha wakawa wanalima kipande cha juu cha shamba. Ardhi ya ukoo, wakasema. Hoja hiyo haijaanguka kutoka mbinguni: tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliwapendelea wanaume kwenye urithi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliikosoa Tanzania kwa kesi ya wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa na ndugu wa marehemu waume zao. Nilidhani najua hadithi itakavyoishia.

Mama alikwenda barazani. Hati ya nyumbani haikuonekana. Sanduku lilikuwa limefunguliwa siku za msiba. Mtendaji akainuka, akafungua kabati la masijala ya ardhi ya kijiji, akatoa nakala ya pili. Picha mbili ndogo, dole gumba mbili. Akaisoma kwa sauti. Wajumbe watatu wanawake wa baraza walikuwepo siku hiyo, na mmoja wao, niliyewahi kumwandika kwenye fomu kwamba "hachangii", alimuuliza shemeji mkubwa swali moja tu: "Hapa wewe dole lako liko wapi?"

Shamba lilirudi. Kwenye daftari langu la 2018 "pamoja" ile ilikuwa uongo, maana mama hakuulizwa, hakushika hati, hakuwa na ufunguo. Mwaka 2022 ikawa kweli, kwa sababu ya karatasi ileile niliyokuwa naiponda. Tulichopima ni namna mambo yatakavyokuwa siku ya msiba, tukakiripoti kama hali ya kila siku. Ufunguo wa sanduku ungenieleza ya kila siku, na usingeniambia lolote juu ya siku ya msiba. Sasa kila nikiona kiashiria nauliza: hiki kinaongelea siku gani ya maisha ya mwanamke? Siku ya ndoa, ya mavuno, ya kuachwa, ya kufiwa? Maana hazijibiwi na swali moja.

Hata mahakamani ndivyo. Wanasheria wetu hutaja kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hatua kubwa, inanufaisha wanawake mpaka leo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mahakama iliona kwamba fungu lake alishalitumia kwenye fedha alizopewa na mumewe. Ukipima kwa sheria, mwaka ule tulipiga hatua. Ukimpima Bi Hawa akirudi nyumbani, hapana. Na mwaka 1990 Mwanza, Jaji Mwalusanya alipoamua kwamba Holaria Pastory alikuwa na haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kama mwanamume yeyote, hukumu ilisifiwa dunia nzima. Miaka 28 baadaye nilikaa mbele ya turubai la mahindi nikijibiwa na kigoda.

Kwa anayeanza, mambo madogo yaliyobaki. Usiende Januari, ghala zimepungua, kila mtu yuko shambani, na ukiuliza juu ya kipato utapata majibu ya njaa. Ukienda baada ya mavuno, utapata majibu ya mavuno, kwa hiyo ukitaka kulinganisha miaka, rudi mwezi uleule. Mdadisi mwanamume ampeleke mume akaone mipaka ya shamba huku mwenzake mwanamke akiongea na mke. Hiyo ndiyo faragha pekee niliyoiona ikifanya kazi bila ugomvi. Rudisha matokeo kijijini kabla hayajaenda Dar es Salaam. Tuliporudisha ya kwetu, wanawake waliitazama chati ya maamuzi ya nyumbani, wakanong'onezana, mmoja akasema: "Hiyo ya kuuza kuku mmeikosea. Kuku tunauza sisi, tunawaambia tu ametoroka." Na tunza madaftari yako. Hicho kiambatisho kilichoachwa ndicho kilichonipatia kazi niliyo nayo sasa, baada ya mtu mmoja kukisoma kwa bahati.

Dodoso jipya lina maswali machache kuliko la zamani. La 31 limekufa. Mahali pake pana manne, na la ufunguo limo, baada ya mabishano ya wiki mbili. Safari ijayo ni Agosti, vinyungu vikiwa vimekolea. Nimeomba mchoraji ramani na kamba ya kupimia, tushuke ndani ya zile mita 60, si kwa ajili ya hati, kwa ajili ya kujua tu kuna nini na kinalimwa na nani. Nilimpigia yule bibi wa "kuishi" kumwarifu. Amesema karibu, ila nije na viatu vya mvua, huko bondeni hakuna pakavu pa kusimama.